Mbwa wa Ghorofa ya Pili: Tatizo ni Najisi au ni Madhara?

KUNA nyumba moja ya ghorofa nne mjini Mombasa ambayo sitaitaja jina wala mtaa wake, kwa kuwa wakazi wake wangali majirani na ningependa wabaki hivyo. Ina jamaa wanane waliopanga, na ngazi ni moja tu ya kupandia na kushukia. Katika ghorofa ya pili alihamia kijana mmoja afanyaye kazi bandarini, naye akaja na mbwa mkubwa mweusi, wa ile aina ambayo watu wetu humwita mbwa wa polisi.

Miezi ya mwanzo mbwa alikaa ndani. Kaskazi ilipochacha na joto likawa halivumiliki, kijana alifanya kama tufanyavyo sote tukaao fleti: alifungua mlango apate upepo. Na kwa kuwa mlango ukiwa wazi mbwa hutoka, akamfunga kamba kwenye chuma cha ngazi. Kamba ile ilikuwa ndefu kuliko upana wa ngazi. Hapo ndipo taabu ilipoanza.

Mtoto wa miaka tisa, mkazi wa ghorofa ya tatu, alikuwa akishuka kila siku saa kumi alasiri kwenda chuoni na juzuu yake kifuani. Siku moja alirukiwa. Hakuumwa, lakini juzuu ilimwanguka, na tangu siku ile ikawa kila ifikapo saa kumi mtoto analalamika kuumwa na tumbo. Bibi wa ghorofa ya nne, atembeaye kwa mkongojo, alikaa wiki tatu bila ya kukanyaga chini. Mzee mmoja atokaye alfajiri kwenda kusali alilazimika kurudi kubadili kanzu mara mbili katika wiki moja, na mara ya pili akaikosa jamaa. Mwishowe mchuuzi wa maji, akipanda na mitungi miwili na mikono yote miwili imeshikwa, aliumwa shavu la mguu.

Msomaji mpenzi, hapana shaka unayo nyumba yako unayoijua inayofanana na hii. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilikuta watu 1,208,333 katika Kaunti ya Mombasa, yaani zaidi ya watu elfu tano katika kila kilomita moja ya mraba. Ardhi haiongezeki, kwa hivyo watu wamepanda juu. Tudor, Kizingo, Ganjoni, Nyali, Bamburi hadi Mtwapa, palipokuwa na nyumba moja na minazi sita sasa pana fleti ishirini. Na wezi nao hawakubaki nyuma. Basi mwenye hofu hununua kufuli, na hofu ikizidi hununua mbwa.

NGAZI HAINA HODI

Ili tuelewe kwa nini jambo hili linatutia uchungu kuliko kelele za redio au harufu ya samaki wa jirani, yafaa tukumbuke tulikotoka. Nyumba zetu za kale, zile za Mji wa Kale na za Lamu, zilijengwa kwa daraja. Mgeni aliishia barazani. Aliyezoeleka zaidi alifika dakani. Aliyepiga hodi akakaribishwa ndiye aliyeingia ndani. Kila hatua ilikuwa na adabu yake, na mwenye nyumba alijua mpaka wake u wapi.

Mbwa naye alikuwa na mahali pake, napo palikuwa shamba. Huko alifukuza nguruwe mwitu wasile muhogo na ngedere wasimalize mahindi. Waswahili wengi wa mashamba walifuga mbwa, wala hakuna aliyewaona wametoka katika dini.

Fleti imevuruga mpango ule wote. Kati ya barabara na mlango wako pana ngazi, na ngazi haipigiwi hodi. Si ya mtu mmoja, na kwa sababu hiyo ni ya kila mtu: ya mtoto aendaye chuoni, ya mgonjwa, ya mjamzito, ya mchuuzi, na ya jeneza siku ya msiba. Kijana yule alipofunga mbwa wake pale hakuona kwamba amechukua cha wenziwe. Aliona amefunga mbwa wake mlangoni pake. Hapo ndipo ulipo mzizi wa ugomvi wenyewe.

MZEE ALIKOSA JIBU

Mzee wa kanzu alipanda kumwona kijana baada ya sala ya ijumaa. Walisalimiana vizuri. Mzee akasema, "Mwanangu, mbwa ni najisi, na sisi hapa twapita kwenda msikitini."

Kijana akajibu kwa heshima, "Mzee wangu, na mimi ni Muislamu. Nilikotoka niliibiwa mara mbili nikiwa zamu ya usiku. Nilivyofundishwa mimi, mbwa wa ulinzi si haramu."

Mzee alishuka bila ya kuwa na la kusema, na watu wa nyumba wakakasirika zaidi, kwa kuwa walitaraji kijana awe mtu wa dini nyingine ili lawama ipate pa kuegemea.

Ukweli ni kwamba kijana hakukosea katika alilolisema. Hadithi za Mtume (S.A.W.) zilizokataza kuweka mbwa bila ya haja zimetoa ruhusa kwa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, Imam Nawawi akiwa mmoja wao, waliona kwamba mbwa wa kulinda nyumba aingia katika ruhusa hiyo kwa kiasi. Katika Sura ya al-Maida imehalalishwa windo la mbwa aliyefunzwa, na katika Sura ya al-Kahf ametajwa mbwa wa wale watu wa pangoni. Sote tumefundishwa chuoni habari ya mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu.

Juu ya najisi pia, watu hutia chumvi. Kwa sisi Mashafii mbwa ni najisi nzito, na palipoingia mate au umajimaji wake hapana budi paoshwe mara saba, mara moja kwa maji yenye mchanga. Lakini kikavu kikigusana na kikavu hakihamishi najisi. Na wenzetu wa madhehebu ya Imam Malik wamemhesabu mbwa aliye hai kuwa tohara. Basi anayepanda ngazi akisema tu "dini imekataza mbwa" atajibiwa kama alivyojibiwa mzee.

Hata hivyo, uchungu wa mzee ulikuwa wa kweli. Mate yaliyogusa kanzu yake yalidai maosho saba, katika mji ambao maji ya mfereji huja yatakapo na mtungi wa lita ishirini hununuliwa. Alfajiri kama ile, maosho saba si jambo dogo. Lakini hayo ni madhara, tena ya kupimika, na ndiyo ambayo mzee alipaswa kuyataja.

RUHUSA YA KULINDA SI RUHUSA YA KUDHURU

Hapa ndipo ninapotaka kukaza neno langu. Tukifanya shauri hili kuwa la najisi, tutabishana hadi kiama. Tukilifanya kuwa la madhara, hapana wa kutupinga, awe Muislamu, Mkristo, Mhindu au asiyejali dini yoyote.

Dini yenyewe imelijenga hivyo. Mbwa aumaye ametajwa katika hadithi miongoni mwa wanyama watano ambao hata katika eneo tukufu la Makka yaruhusiwa kuwaua kwa sababu ya madhara yao. Jirani ametajwa katika Sura ya an-Nisa, wa karibu na wa mbali. Mtume alisisitiza haki ya jirani kiasi cha kudhani kwamba jirani angepewa sehemu ya urithi, na akamwondolea imani kamili yule ambaye jirani yake hasalimiki na shari zake. Na kanuni ya kuondoa madhara ni mojawapo ya nguzo ambazo mafakihi wamezisimamishia hukumu nyingi. Kijana alikuwa na ruhusa ya mbwa wa kulinda mlango wake. Ngazi hakupewa na mtu.

Jambo hili si letu peke yetu. Ndugu zetu waendao Ghuba kutafuta riziki wanajua kwamba Falme za Kiarabu zilitunga sheria mwaka 2016 juu ya wanyama wa hatari, nayo yamtaka mwenye mbwa amshike kwa kamba awapo mahali pa watu. Uingereza ilikuwa na sheria ya mbwa wa hatari tangu mwaka 1991, na kuanzia tarehe 1 Februari 2024, kule England na Wales, imekuwa kosa kumiliki mbwa wa aina ya XL Bully bila ya cheti maalumu, na mwenye cheti hana budi kumfunga mbwa mdomo na kumshika kamba hadharani. Tazama, msomaji, kwamba kote huko amri hupewa mwenye mbwa. Mnyama hasomi tangazo.

KIDONDA CHA MCHUUZI

Turudi kwa mchuuzi wa maji. Alipoumwa, wa kwanza kufika alimpaka tumbaku kwenye kidonda, na wa pili alitaka kutia pilipili. Bahati nzuri alitokea mwanamke mmoja wa ghorofa ya kwanza akawafukuza wote wawili, akamkalisha chini ya mfereji wa uani na kipande cha sabuni.

Mwanamke yule alijua alilolifanya. Kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Wengi wao ni watu wa Afrika na Asia, watoto wakiwemo. Ugonjwa huu ukishaanza kuonyesha dalili, dawa haipo. Lakini kabla ya dalili kinga ipo, na yaanza kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano kamili. Baada ya hapo ni hospitali siku ile ile, bila kungoja kuona kidonda kitakuwaje, kwani dalili zaweza kukawia wiki au miezi. Sindano zake si moja, na kila moja ina siku yake. Aliyechoma ya kwanza akaacha zilizobaki hajajikinga.

Mbwa aliyeuma naye asiuawe papo hapo kwa hasira. Akiwezekana kufungwa, huwekwa chini ya uangalizi kwa siku kumi, na akiwa mzima baada ya siku hizo ni dalili njema kwa aliyeumwa. Ukimwua na kumtupa, umetupa na ushahidi. Hata hivyo sindano hazingojei siku hizo kumi zipite.

Kijana alipoulizwa kadi ya chanjo ya mbwa hakuwa nayo. Alisema amechanjwa alipokuwa mdogo. Hapo hata yeye aliingiwa na baridi, kwa kuwa chanjo hii hurudiwa kila mwaka. Serikali ya Kenya imejiwekea shabaha ya kukomesha vifo vya kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na wataalamu wasema mbwa saba katika kila kumi wakichanjwa ugonjwa hukatika. Mbwa wa fleti, mwenye bwana anayejulikana na mlango unaojulikana, asingepaswa kuwa miongoni mwa wale watatu waliobaki.

SHERIA YAMTAZAMA MWENYE KUJUA

Watu wengi huuliza, "Niende kwa nani?" Kwanza niseme pasipofaa kwenda. Mahakama ya Kadhi, kwa Katiba ya mwaka 2010, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu baina ya Waislamu. Shauri la mbwa haliingii humo, hata kama wagomvi wote wawili ni Waislamu.

Jambo la kwanza ni kuzungumza, wala si pale ngazini mbwa akibweka na damu imepanda. Waende watu wawili wenye busara, na wasiende na neno "najisi". Waende na mtoto asiyekwenda chuoni, na bibi asiyeshuka.

Jambo la pili ni kuandika. Twadharau karatasi, na karatasi ndiyo silaha ya mnyonge. Katika sheria tuliyoirithi kutoka Uingereza, mwenye mbwa anayejua kwamba mbwa wake ni mkali hubeba dhamana ya madhara yake, hata akidai alijihadhari. Yule asiyejua aweza kujitetea kwamba hakujua. Barua yenye tarehe, inayoeleza nani alirukiwa, siku gani na saa ngapi, yaondoa utetezi huo. Ipelekwe kwa mwenye mbwa, nakala kwa mwenye nyumba, na nakala moja ibaki kwako.

Jambo la tatu ni kusoma mkataba wa kupanga, maana mingi ina sharti juu ya wanyama ambalo hakuna aliyelisoma. Kwa fleti zilizonunuliwa mojamoja, Sheria ya mwaka 2020 ya majengo yenye sehemu za wenyewe mbalimbali imeweka shirika la wenye fleti, lenye uwezo wa kutunga kanuni za nyumba nzima, na kanuni hizo humfunga mwenye fleti na mpangaji wake pia. Ngazi ni mali ya pamoja, na kikao kimoja chaweza kuamua kwamba hafungwi mnyama ngazini.

Yakishindikana hayo, kuna mzee wa mtaa na chifu, na kuna afisi ya mifugo ya kaunti kwa mambo ya chanjo na mbwa anayeshukiwa ugonjwa. Mtu akiumwa, ripoti iandikwe polisi na nambari ya OB ichukuliwe. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 243, yamhesabu kuwa na kosa yule anayeacha kujihadhari na hatari ya mnyama aliye mikononi mwake. Na kwa fidia ya kidonda, nauli na siku za kazi zilizopotea, ipo Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, isikilizayo madai yasiyozidi shilingi milioni moja, wala si lazima uwe na wakili. Mchuuzi wa maji ana haki humo sawasawa na tajiri.

Lakini jambo moja lisifanywe kabisa, nalo ni sumu. Nimesikia likitajwa kwa minong'ono katika nyumba zaidi ya moja: kipande cha nyama, na asubuhi mambo yamekwisha. Hayajaisha. Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, ipo, na kumwua mnyama wa mtu kwa makusudi ni kosa la jinai. Nyama ile yaweza kuokotwa na paka, au na mtoto. Na sisi tuliofundishwa habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia hadi akafa, tutajibu nini?

UGOMVI WA MBWA USIGEUKE UGOMVI WA WATU

Liko na jambo kubwa kuliko meno ya mbwa. Katika pwani yetu maneno ya mbwa hugeuka upesi yakawa maneno ya "wao na sisi", ya wa bara na wa pwani, ya msikiti na kanisa. Nimeeleza ya kijana huyu kwa makusudi, kwa kuwa alikuwa mwenzetu katika dini, na mbwa wake aliuma vilevile. Angekuwa wa dini nyingine, maneno yaliyosemwa ngazini siku ile yangekuwa mazito, na hata mbwa angeondoka maneno yangebaki. Mbwa huishi miaka kumi au kumi na tatu. Chuki ya mtaa huishi zaidi ya hapo.

Katika nyumba ile walikaa kitako siku ya Jumapili, uani, viti vikatolewa na kila mmoja. Bibi wa ghorofa ya nne alishushwa kwa kushikwa mikono. Kijana aliomba radhi kwa mchuuzi, akalipa nauli za hospitali na siku alizokosa kazi. Wakaandika karatasi moja, wakatia sahihi wote: mbwa hafungwi ngazini, akishushwa hushikwa kamba fupi na hufungwa mdomo, hashushwi alfajiri wakati wa sala wala saa kumi wakati wa chuo, kadi ya chanjo huonyeshwa kwa mwangalizi wa nyumba kila mwaka. Nao majirani, kwa upande wao, walichanga fedha za lango la chuma huko chini na taa ya ngazini, kwa kuwa walikubali kwamba wizi alioukimbia kijana ulikuwa wa kweli, na kama lango lingekuwepo tangu mwanzo pengine mbwa asingehitajika.

Sisemi kwamba mambo yamekuwa matamu. Mzee bado hupita ukutani akikusanya kanzu yake. Mtoto alifundishwa asikimbie wala asimkazie macho mbwa, asimame kimya mkoba wake ukiwa mbele, amngoje mwenye mbwa apite. Wiki ya kwanza alisindikizwa na mamake. Wiki ya pili alisindikizwa hadi ghorofa ya pili tu. Sasa hushuka peke yake saa kumi, na juzuu yake kifuani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa nyumba ile ulikuwa kamba moja iliyozidi urefu. Je, nyumba yako, msomaji, kamba yake ina urefu gani, na ni nani aliyekwisha kumwandikia mwenyewe barua?